SHAIRI LILILOFUNGIWA MIAKA 13
Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Shabaha ya somo

Somo hili limekusudiwa kusomwa katika mikutano ya wanachama na katika vikundi vya elimu ya ushirika. Shabaha yake ni kulichunguza shairi moja la siasa lililotungwa mwaka 1819 juu ya haki za wafanyakazi wa Uingereza, kuzipima lawama lililotupiwa, na kuonyesha kwa nini lastahili kutetewa.

Huenda mwanachama akauliza: shairi la zamani la Kiingereza lina uhusiano gani na chama cha mazao? Jibu ni kwamba ushirika haukuanzia dukani wala ghalani. Ulianza miongoni mwa watu waliokuwa wamekatazwa na sheria kuungana, na shairi hili lawahusu watu hao hao na nchi yao.

Aidha, hapana katibu wa chama asiyeweza kufikiwa na jambo la namna hii. Mwanachama analeta shairi lenye maneno makali juu ya bei, mizani, ujira au viongozi. Je, lisomwe mkutanoni au lifungiwe kabatini? Swali hilo lilimkabili mhariri mmoja mjini London, na jibu alilolitoa lina mafunzo mengi.

Hali ya wafanyakazi kabla ya mwaka 1819

Katika jimbo la Lancashire, maelfu ya watu waliishi kwa kufuma nguo za pamba. Wafumaji waliofanya kazi majumbani mwao kwa vitanda vya mkono waliona ujira wao ukishuka mwaka hata mwaka, hata ukawa chini ya nusu ya ule waliokuwa wakiupata mwanzoni mwa karne. Wakati huo huo, sheria ya nafaka ya mwaka 1815 ilizuia ngano ya nje isiuzwe nchini mpaka bei ya ngano ya nyumbani iwe imepanda juu sana. Mwenye shamba kubwa alilindwa, na mnunuzi wa mkate akaachwa alie.

Mfanyakazi hakuruhusiwa kujitetea kwa umoja. Sheria za mwaka 1799 na 1800 ziliharamisha vyama vya wafanyakazi, na aliyejiunga na wenzake kudai nyongeza ya ujira aliweza kufungwa miezi 3. Kwa maandishi, sheria ya mwaka 1800 iliwakataza waajiri pia kula njama juu ya ujira. Kwa vitendo, mkono wake uliwaangukia wafanyakazi.

Bungeni nako hapakuwa na wa kuwasemea. Mji wa Manchester, pamoja na wingi wa watu wake, haukuwa na mbunge hata mmoja. Mahali paitwapo Old Sarum, ambapo karibu hapakuwa na mkazi, palipeleka wabunge 2.

Siku ya tarehe 16 Agosti, 1819

Siku hiyo ya Jumatatu watu wanaokadiriwa kuwa 60,000 walikusanyika katika uwanja wa St Peter's, Manchester, kudai marekebisho ya Bunge. Walitoka mjini na katika vijiji na miji ya jirani: Middleton, Oldham, Stockport na Rochdale. Wengi walikuja na wake zao na watoto wao, wamevaa nguo zao nzuri. Kundi la Middleton liliongozwa na Samuel Bamford, ambaye alikuwa mfumaji na mshairi. Bamford aliandika baadaye kwamba watu wake walijizoeza kutembea kwa mpango ili wasidharauliwe kuwa ni wahuni, na kwamba fimbo ziliruhusiwa kwa wazee na wadhaifu tu.

Mara tu msemaji mkuu, Henry Hunt, alipoanza hotuba yake, mahakimu waliokuwa wakitazama kutoka katika nyumba iliyokuwa kando ya uwanja waliamuru akamatwe. Askari wa kujitolea wapanda farasi, ambao wengi wao walikuwa watu wa tabaka la wafanyabiashara na wenye mali wa huko huko, waliingia katikati ya umati wakiwa na panga wazi. Askari wa jeshi wakafuata. Kwa muda usiozidi nusu saa uwanja ulikuwa mtupu, isipokuwa waliolala chini. Watu wasiopungua 15 walipoteza maisha, na hesabu nyingine hufikia 18. Waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 400, wakiwamo wanawake wengi. Miongoni mwa waliokufa siku hiyo alikuwamo mtoto wa miaka 2, aliyeanguka kutoka mikononi mwa mama yake barabarani pale mpanda farasi alipowagonga.

Serikali iliwapa mahakimu shukrani. Hunt alifungwa miaka 2 na nusu, na Bamford mwaka 1. Kabla mwaka huo haujaisha, Bunge lilipitisha sheria 6 mpya: mikutano ya watu zaidi ya 50 iliwekewa vizuizi vikali, na magazeti ya bei nafuu yakatozwa ushuru ili yasiwafikie maskini.

Shairi lenyewe

Habari hizo zilimfikia Percy Bysshe Shelley mwanzoni mwa Septemba 1819, akiwa anaishi karibu na mji wa Livorno, Italia. Alikuwa na umri wa miaka 27. Kabla mwezi huo haujaisha alikuwa amekwisha tunga na kupeleka London shairi la beti 91 liitwalo "The Masque of Anarchy". Kwa Kiswahili jina hilo laweza kuelezwa kuwa ni Maandamano ya Vinyago vya Fujo.

Shairi lina sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mtunzi aona ndotoni maandamano ya kutisha. Mauaji, Hila na Unafiki wapita barabarani wakiwa wamevaa nyuso za mawaziri wa wakati ule, na nyuma yao yuaja Fujo amepanda farasi, amevaa taji la kifalme. Msomaji na ashike jambo hili vizuri. Wakubwa wa siku zile waliwaita wafanyakazi watu wa fujo. Shelley alilichukua neno hilo akawarudishia wenyewe: fujo ni utawala unaowakata kwa panga watu waliokuja mikono mitupu.

Katika sehemu ya pili sauti yasikika ikiwaambia wananchi maana ya utumwa na maana ya uhuru. Mtunzi hauelezi utumwa kwa minyororo, bali kwa ujira. Mtu alipwaye kiasi cha kumwezesha kurudi kazini kesho tu, huku watoto wake wakidhoofu kwa njaa, huyo ni mtumwa ijapokuwa sheria yamwita mtu huru. Uhuru nao haukuelezwa kama kitu cha kuelea hewani. Kwa mfanyakazi, uhuru ni chakula mezani, nguo, moto wa kuota na nyumba ya kurejea jioni. Ndipo yafuatapo haki mbele ya sheria, hekima na amani.

Mwisho sauti hiyo yawaita watu wote wakusanyike tena katika uwanja mpana. Wapanda farasi wakija, wasikimbie wala wasipige. Wasimame imara, mikono wameikunja vifuani, na kuwatazama wauaji wao machoni mpaka aibu iwashike wenye panga. Na watu wakumbuke kuwa wao ni wengi, na watesi wao ni wachache.

Mhariri na kabati lake

Shelley alilipeleka shairi hilo kwa rafiki yake Leigh Hunt, mhariri wa gazeti la "The Examiner". Huyu hakuwa ndugu wa yule Henry Hunt wa Manchester. Mhariri alilisoma, akaliweka. Hakulichapisha mwaka ule wala mwaka uliofuata. Shelley alikufa maji katika pwani ya Italia mwezi Julai 1822 bila kuliona likichapwa. Lilitoka mwaka 1832, miaka 13 baada ya kutungwa.

Haifai kumhukumu mhariri huyo kwa haraka. Alikuwa amekwisha fungwa miaka 2, tangu 1813 hadi 1815, kwa sababu ya kumkashifu mwana wa mfalme aliyekuwa akishika madaraka ya nchi. Aliijua harufu ya gereza. Alipolichapisha shairi hatimaye, alieleza kwamba mwaka 1819 aliona umma ulikuwa haujapata utambuzi wa kutosha kuitendea haki nia njema iliyomo.

Lakini tazama hasara iliyotokea. Shairi lililofichwa kwa kuogopa fujo ndilo lililokuwa likiwaonya watu wasifanye fujo. Wenye hasira ya kisasi, ambao ndio waliohitaji sana kuusikia wito wa subira na nidhamu, walinyimwa wito huo. Mwaka ule ule wa 1832 Bunge lilipitisha marekebisho, Manchester ikapata wabunge 2. Shairi likaja kama mgeni afikaye karamu imekwisha.

Lawama nne na majibu yake

Lawama ya kwanza: shairi lachochea ghasia. Wasemao hivi huzikumbuka beti zake kali na kuzisahau nyingine. Kweli, mtunzi awaita watu waamke kama simba. Lakini baada ya kuyataja mateso yao ataja pia tamaa ya kulipa damu kwa damu, kisha awakataza waziwazi wasilipe hivyo watakapopata nguvu. Shairi huhukumiwa kwa beti zake zote, kama vile hesabu za chama zisivyokaguliwa kwa kusoma ukurasa mmoja wa daftari.

Lawama ya pili: mtunzi alikuwa mtoto wa tajiri, tena yuko mbali. Ni kweli. Baba yake alikuwa mbunge na mwenye ardhi, naye Shelley hakuketi hata siku moja katika kitanda cha mfumaji. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Hata hivyo, methali hiyo yaeleza mazoea ya watu. Haiweki sheria kwamba aliyeshiba hawezi kamwe kujifunza. Swali la haki ni hili: aliyoyasema juu ya ujira yalikuwa kweli au uongo? Mfumaji aliyelipwa chini ya nusu ya ujira wa zamani, naye mkate umepandishwa bei kwa sheria, asingeona uongo katika maneno yale. Tena Shelley hakudai kuwa kiongozi wa wafanyakazi wala hakuwafunga mdomo washairi wao wenyewe, kama Bamford. Aliongeza sauti yake katika sauti yao.

Lawama ya tatu: hii ni siasa, si ushairi. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kuishangaa lawama hii. Katika miaka ile ile Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akitunga mashairi juu ya ugomvi wa Mombasa na watawala wa Oman, na hakuna mjuzi asemaye kwamba mashairi hayo si mashairi kwa kuwa yana siasa. Kadhalika umbo la shairi la Shelley lina makusudi. Lina mistari mifupi, na beti nyingi ni za mistari minne yenye vina vilivyo wazi. Kwa urefu wa mstari na kwa mwendo wake lakaribiana na utenzi wa Kiswahili kuliko tungo ndefu za wasomi. Ni umbo la kusikilizwa na kukaririwa na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Mawaziri waliotajwa humo wamekwisha sahauliwa na walio wengi. Lakini Mauaji, Hila na Unafiki bado vyahitaji kutambuliwa kila vibadilishapo kinyago.

Lawama ya nne ndiyo nzito kuliko zote: kuwaambia watu wasimame mikono kifuani mbele ya panga ni kuwapeleka machinjoni. Watu wa Manchester walikuja bila silaha, na bado walikatwa. Aibu ya wauaji ilikuwa wapi?

Hapa mtetezi wa shairi hana budi kusema kweli. Shairi latumaini mno dhamiri ya askari, na dhamiri haiji kila inapoitwa. Pia shairi halisemi watu wafanye nini asubuhi ya siku ya pili. Halina daftari la wanachama, mfuko wa wajane, wala kanuni ya kuchagua viongozi. Kulitetea si kuliongezea sifa ambazo halina.

Lakini na ipimwe njia nyingine iliyokuwapo. Laiti watu wale wangekuja na mikuki, mahakimu wangepata kisingizio walichokitafuta, na waliokufa wangeitwa waasi. Kwa kuwa walikuja mikono mitupu, uongo haukusimama. Mwandishi wa gazeti la "The Times" alikuwapo jukwaani, akakamatwa pamoja na wasemaji, na habari zikaenea nchi nzima. Utulivu wa watu wale haukuwaokoa wote siku ile. Uliiokoa haki yao. Kama wasemavyo Waswahili: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Shairi lilifanya kazi hiyo ya pili, ya kumpa mnyonge haki yake hata baada ya kunyongwa.

Safari ya shairi baada ya kuchapishwa

Sheria za kukataza vyama vya wafanyakazi zilifutwa mwaka 1824. Mwaka uliofuata vikwazo vilirudishwa juu ya migomo, lakini haki ya kuwa na chama haikuondolewa tena. Kuanzia mwaka 1838, wafanyakazi waliodai kura kwa kila mwanamume, katika harakati iliyojulikana kwa jina la Chartism, walimsoma na kumchapisha Shelley katika magazeti yao.

Sifa ya mtunzi ilivuka bahari pia. Mwezi Novemba 1909 maelfu ya washona blauzi wa New York, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na wa Kiitalia, waliingia katika mgomo mkubwa uliodumu hadi mwaka 1910. Mmoja wa viongozi wa chama chao, Pauline Newman, aliyeanza kazi kiwandani akiwa mtoto, alieleza baadaye jinsi vijana wa kazi walivyokutana baada ya saa nyingi za kushona ili wasome pamoja, na Shelley alikuwa miongoni mwa washairi waliowapenda. Watu hao hawakuwa na nafasi ya kupoteza. Kama shairi lisingekuwa na faida kwao, wangelala.

Mafunzo kwa vyama vya ushirika

Rochdale, mji uliopeleka watu wake katika uwanja wa Manchester, uko umbali upatao kilometa 16 tu kutoka hapo. Miaka 25 baada ya mauaji yale, baada ya jitihada za wafumaji za kudai nyongeza ya ujira kushindwa, watu 28 wa mji huo walichanga senti kidogo kidogo kila juma mpaka wakapata mtaji wa pauni 28. Tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua duka dogo katika njia ya Toad Lane, wakauza siagi, sukari, unga na mishumaa. Miongoni mwao walikuwamo wafumaji, na watu wa harakati ya Chartism.

Waliyoyaweka katika kanuni zao yalijaza pengo lililoachwa na shairi: mwanachama mmoja kura moja, mizani ya haki, bidhaa safi, na ziada kugawanywa kwa kadiri ya manunuzi. Wakaongeza jambo ambalo vyama vingi hulisahau: waliweka chumba cha kusomea na maktaba, wakatenga sehemu ya ziada kwa ajili ya elimu. Walijua kuwa tumbo lililoshiba bila akili iliyoamka hurudi utumwani. Mfano huo wa Rochdale ulienea duniani na kufika Afrika Mashariki, ambako wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha KNCU tangu mwaka 1933.

Kwa hiyo shairi na ushirika si wapinzani. Shairi lilimwambia mfanyakazi uhuru ni nini. Ushirika ulimwonyesha mlango mmoja wa kuuingilia. Chama chenye kanuni bila moyo huwa duka tu, na wanachama huwa wateja wasiojua kwa nini wanapiga kura. Wenye moyo bila kanuni hutawanyika siku moja uwanjani.

Katibu anapoletewa shairi la siasa, na alipime kwa maswali manne. Je, yaliyosemwa ni kweli na yaweza kuthibitishwa? Je, haki zinazodaiwa zimetajwa kwa vitu vinavyoonekana, kama bei, ujira, chakula na mizani, au ni matusi matupu? Je, lawaita watu kwenye umoja na nidhamu, au kwenye kuumizana? Je, anayekemewa ni mwenye mamlaka aliyekosa, au ni jirani asiye na wa kumtetea? Shairi likishinda maswali hayo, na lisomwe mbele ya wanachama, na asiyekubaliana nalo apewe nafasi ya kulijibu. Likishindwa, na aliyelitunga aelezwe sababu waziwazi. Kulifungia kabatini kimya kimya si hukumu. Ni woga, na gharama ya woga huo hulipwa na wengine.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Kwa nini Shelley aliwaita watawala, si wafanyakazi, watu wa fujo? Je, kikundi chakubaliana naye?

2. Elezeni maana ya uhuru kwa mujibu wa shairi hili. Ni mambo gani yangeongezwa na mkulima auzaye mazao yake kwa chama?

3. Kama kikundi kingekuwa mahali pa mhariri Leigh Hunt mwaka 1819, kingelichapisha shairi? Toeni sababu za pande zote mbili.

4. Lawama ya nne imejibiwa vya kutosha? Anayeona haikujibiwa na aeleze kilichobaki.

5. Je, kanuni za chama chenu zatenga fungu la elimu? Mwaka uliopita fungu hilo lilitumika kwa kazi gani, na nani alipewa hesabu yake?

Makatibu wanaombwa kuandika majibu ya vikundi katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano, ili yasomwe na kujadiliwa katika mkutano mkuu wa wanachama.